Mkono niliouinua Jumamosi ile

Kitabu cha kumbukumbu za kikundi chetu bado ninacho. Ukurasa wa Novemba 2017 una mwandiko wangu, wino wa bluu, na sentensi hii: "Wajumbe wote 24 wameridhia ununuzi wa eneo." Kwa hesabu ya mikono, sentensi ile ni kweli. Kwa hesabu ya mioyo ni uongo, na mimi niliyeiandika nilijua wakati naiandika.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Naliandika sasa kwa sababu hapa Tanga kila mtaa una kikundi cha kuweka na kukopa, na kila msimu wa mgao ukikaribia huzuka mtu wa kusema "mwaka huu tusigawane, tununue kitu cha pamoja." Pengine ni shauri jema. Lakini namna shauri linavyopitishwa ndiyo inayoamua kama mtapona au mtaumia, na sisi tuliumia.

Kikundi chetu kilianzia Makorora mwaka 2012. Tulikuwa wanawake 24: wauza vitumbua, mama lishe, washonaji, wenye genge, walimu wa shule ya msingi wawili. Tulikutana kila Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa mwenyekiti, mkeka chini, chai na kalmati zikizunguka. Hisa moja shilingi 5,000. Sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinalala nyumba tatu tofauti. Pembeni ulikuwepo mfuko wa jamii, wa msiba na uzazi. Mimi nilikuwa katibu.

Ili uelewe kilichotokea, lazima uelewe wale wanawake ni nani kwangu. Mama yangu alipofariki mwaka 2015, wao ndio walioingia ndani kumwosha. Wao ndio waliopika siku zote za msiba, mimi sikugusa hata mwiko. Kwenye harusi ya mdogo wangu walikuja wote na kanga za sare, na nilipowaona wakishuka kwenye daladala wakiwa rangi moja nililia. Kufanana kule ni kuzuri. Sijaja hapa kusema mtu aishi kivyake. Aliyekulia pwani anajua mtu asiye na watu wake ni maskini hata awe na fedha.

Agosti 2017 marais wawili, Magufuli na Museveni, walikuja Chongoleani kuweka jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima, Uganda, zaidi ya kilomita 1,400 mpaka baharini kwetu. Tangu siku ile mji ukawa na neno moja: ardhi. Bodaboda walizungumza ardhi, wauza samaki walizungumza ardhi. Madalali walichipuka kama uyoga. Na hakuna aliyejua bei. Eneo ambalo zamani hakuna aliyelitamani, leo mtu anataja milioni tatu, kesho mwingine anataja kumi, na anayetaja kwanza ndiye anayesikilizwa.

Wakati ule nilikuwa nasoma shahada ya ualimu Chuo Kikuu Huria, kituo cha Tanga, na katika somo la saikolojia nilikutana na jaribio la Muzafer Sherif la mwaka 1935. Aliwaketisha watu katika chumba chenye giza totoro na kuwaonyesha nukta ya mwanga. Nukta haikusogea, ila macho ya binadamu gizani huiona kama inasogea. Kila mtu peke yake alikuwa na makadirio yake. Walipokaa pamoja wakisema kwa sauti, makadirio yao yakasogeleana mpaka wakawa na jibu lao la kikundi. Bei ya ardhi Chongoleani mwaka ule ilikuwa nukta ile. Dalali wa kwanza kuja barazani kwetu alisema ekari mbili, milioni tisa, "na mwakani mtaziuza thelathini." Baada ya wiki mbili tukawa tunaitaja tisa kama vile imeandikwa serikalini.

Sandukuni tulikuwa na milioni 11 na laki nne. Milioni tisa gawanya kwa 24 ni 375,000 kila mmoja. Kwangu mimi mwenye mshahara zilikuwa bati za chumba cha nyuma. Kwa muuza vitumbua mwenzetu ulikuwa mwaka mzima wa kuamka saa tisa usiku.

Wiki moja kabla ya kikao cha uamuzi, mimi na mweka hazina tulitumwa kwenda kuliona eneo. Tulishika njia ya Horohoro, tukakata kuelekea baharini. Eneo zuri, minazi michache, upepo. Dalali akasogea pembeni kupokea simu. Jirani, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu zake, akaniuliza, "Mwanangu, mnanunua kwa nani?" Nikamtajia. Akaendelea kushona, kisha akasema, "Hili la marehemu baba yao. Watoto wako wengi. Huyo ni mmoja."

Maneno yale niliyaandika kwenye daftari langu palepale. Njiani kurudi nikamwambia mweka hazina. Akasema, "Wazee wa vijijini wana maneno, Mwalimu. Pengine anataka tumkatie cha juu." Nikaona inawezekana. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipofanyika, na halikufanyika kikaoni bali ndani ya bajaji: nilikubali kuongea na mwenzangu kabla sijakaa na nilichokiona mwenyewe. Tulipofika barabara ya lami, macho yangu yalikwisha kuwa macho yake.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti akafungua kwa dua, kisha akasema yeye amelipenda sana eneo na anaona ni riziki ambayo Mungu ametuletea wenyewe mlangoni. Mwenyekiti wetu si mtu wa mabavu. Ni mama wa makamo aliyewacheza mwali nusu ya mabinti wa mtaa ule. Akishasema, kusema kinyume si kupinga hoja tena, ni kumvua nguo mama yako. Kisha akasema tuzunguke, kila mmoja atoe neno, kuanzia kulia kwake.

Kulia kwake walikaa wakubwa. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, Mungu atie baraka. Wa tatu, sawa. Ikaenda hivyo mpaka kwa binti mmoja, mdogo kuliko wote, aliyeolewa mtaani kwetu mwaka mmoja tu nyuma. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nauliza tu. Huyu muuzaji, ndugu zake wameridhia?"

Kimya. Kikombe kikawekwa kwenye kisahani. Mmoja wa wakubwa akamwambia, tena kwa upole, "Mwanangu, hayo wamekwenda kuyaangalia wenzio." Akanitazama mimi.

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Maneno ya yule mzee yalikuwa kurasa mbili tu nyuma ya mkono wangu. Moyo ulinidunda hata nikahisi masikioni, mate yakanikauka. Nikatikisa kichwa, kile kitikisiko ambacho mtu anaweza kukisoma ndiyo au chochote atakacho. Binti akasema, "Basi, mimi nipo na wenzangu." Duara likaendelea. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Lilipofika kwangu, watu zaidi ya 20 walikwisha sema sawa. Nikasema sawa. Mwenyekiti akaomba mikono, ikainuka yote, nikaandika sentensi ile.

Kinachonisumbua ni kwamba nilikuwa nimelisoma jambo hili. Nilikuwa nimelifanyia mtihani. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Marekani, aliwaonyesha vijana wa chuo mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wataje upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Jibu liko wazi. Mtu akiwa peke yake hakosei hata mara moja katika mia. Lakini katika kila kundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anajaribiwa, wengine wote walikwisha patana kutoa jibu la makosa, na huyo mmoja aliketishwa mwishoni au karibu na mwisho ili asikie ya wenzake kwanza. Watu watatu kati ya wanne walifuata makosa angalau mara moja, na kwa jumla kama theluthi ya majibu ilikwenda na kundi. Rudi juu uone nilikokaa mimi.

Sikulitambua lilipokuja kwangu kwa sababu kitabuni lilikuwa na sura ya wageni wasiojuana, ndani ya chumba cha chuo, mambo ya mistari. Wale vijana walikuwa wanaogopa kuchekwa na watu ambao hawatawaona tena. Mimi nilikuwa na watu waliomwosha mama yangu. Miaka ya baadaye nilisoma kwamba mwaka 1996 watafiti wawili, Bond na Smith, walikusanya majaribio 133 ya namna ile kutoka nchi 17, wakakuta katika jamii ambazo watu huishi kwa kutegemeana, kufuata kundi ni kwingi zaidi. Kuna watakaolisoma hilo wakasema sisi ni wepesi wa kuburutwa. Mimi nasema hapana. Mahali ambapo jirani ndiye benki yako, ndiye bima yako, na ndiye atakayekushusha kaburini, neno "sikubali" lina bei kubwa zaidi. Hata methali zimelipanga hilo: wengi wape, na ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako. Tumelishwa haya tangu utotoni, na mara nyingi yametusaidia kuishi pamoja bila ugomvi.

Watafiti wengine wawili, Deutsch na Gerard, mwaka 1955 walitenganisha kufuata kwa aina mbili: kumfuata mwenzako kwa kudhani anajua zaidi yako, na kumfuata kwa kutotaka akutenge. Nilipojikagua kwa unyoofu nilikuta nilikuwa nazo zote mbili, na ile ya kwanza nilikuwa nimeivaa kuficha ya pili. Nilijiambia "labda mzee yule ana chuki zake" kwa sababu hiyo iliniwia rahisi kuliko kujiambia "naogopa mwenyekiti atanionaje."

Fedha tukalipa. Februari 2018 akaja dada wa muuzaji, na karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inayomtambua yeye kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yao. Aliyetuuzia hakuwa na mamlaka ya kuuza hata mnazi. Sitaeleza yote yaliyofuata: vikao vya wazee, nauli, siku za kazi zilizopotea, dalali aliyezima simu. Baada ya zaidi ya miaka miwili tulirudishiwa 3,600,000 kwa mafungu, sawa na 150,000 kila mtu. Shilingi 225,000 za kila mmoja wetu zilizama. Muuza vitumbua aliugua presha mwezi ule. Hakuwahi kunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Kwa faida ya anayesoma akiwa na mpango kama wetu: ardhi ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na karatasi ya uthibitisho ombeni muione kabla ya kuzungumza bei. Waulizeni majirani wa mipaka yote, dalali akiwa hayupo. Muuzaji akiwa na mwenza, mwenza naye aje atamke na atie saini.

Lakini hayo yote tungeweza kuyajua siku ile. Mmoja wetu aliuliza. Mmoja wetu alikuwa na jibu.

Mambo yalipoharibika wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja. Mmoja alinishika mkono sokoni Mgandini: "Mwalimu, mimi moyo wangu ulikataa tangu mwanzo." Mwingine jikoni kwenye shughuli, tukimenya vitunguu. Nilihesabu: saba. Mimi wa nane. Inawezekana wengine waliyaona mashaka yao baada ya hasara, kwani kumbukumbu hupenda kutupamba. Hata tukiwatoa wawili au watatu, bado palikuwa na watu watano juu ya mkeka ule ambao kila mmoja aliamini yuko peke yake. Asch alionyesha kwamba mtu akipata mwenzake mmoja tu anayesema kweli, ule mwelekeo wa kufuata makosa hushuka mpaka kama robo yake. Mwenza mmoja. Binti yule hakuhitaji kikundi kigeuke. Alihitaji mimi nifungue daftari.

Nilikwenda kwake. Ilinichukua karibu mwaka kupata ujasiri. Alinikaribisha, akaniandalia chai na mkate wa kumimina, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile nilikuwa nakuangalia wewe. Nilisema, Mwalimu amefika kule, kama pana neno atalisema." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amekwisha kujitoa kikundini, na hajarudi. Tunasalimiana vizuri.

Baada ya hapo niliacha kuwaambia watu wawe na ujasiri. Ujasiri si kitu cha kutegemea Jumamosi jioni mbele ya mama zako. Badilisheni utaratibu, ili mtu muoga kama mimi aweze kusema ukweli bila kulazimika kuwa shujaa.

Nilianza na mwenyekiti, nyumbani kwake, peke yetu. Nilimwamkia, nikamweleza naomba kuanzia sasa yeye azungumze mwisho, na maamuzi makubwa yapigwe kura ya siri. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii mlikuwa mnaniogopa?"

"Si kukuogopa, mama," nikamwambia. "Tunakupenda, ndiyo maana tunanyamaza."

Ilimuuma. Wiki mbili hakuwa na maneno mengi na mimi. Wiki ya tatu alileta mtungi mwenyewe.

Mtungi ule ndio sanduku letu la kura. Kila mtu anapewa punje moja ya kunde na moja ya mbaazi. Kunde ni ndiyo, mbaazi ni hapana. Mara ya kwanza tulikosea: tulitia punje moja mtungini, ile ya pili ikabaki mkononi, na wenye macho wakasoma viganja. Sasa kuna ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, punje iliyobaki inatiwa humo, na yote hufanyika chini ya kanga. Hii si kwa sababu hatuaminiani. Asch mwenyewe aliporuhusu mtu aandike jibu lake badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua sana. Sauti ndiyo inayotufunga.

Jambo la kutumia zaidi ya laki tano haliamuliwi siku lilipoletwa, linalala wiki moja. Wanaotumwa kukagua kitu kila mmoja huandika alichokiona kabla hawajazungumza, na karatasi zote mbili zinasomwa kikaoni kama zilivyo. Na kila shauri kubwa lina watu wawili ambao kazi yao, kwa zamu, ni kutafuta ubaya wake. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu anayepinga akiwa kazini hatukani mtu. Nimeona wanawake ambao hawakuwahi kunyanyua kichwa wakitoa hoja nzito wakiwa zamu, na wawili kati yao wakaendelea kuzitoa hata zamu ilipokwisha.

Kama kikundi chako hakitaki lolote kati ya haya, basi kabla ya kikao mtafute mtu mmoja. Mmoja tu, umwambie unachokihofia, umwombe msimame pamoja. Na mkishasema, msiseme mara moja mkakunja. Mwanasaikolojia Moscovici na wenzake, Ufaransa, mwaka 1969, waliweka watu wao wawili katika kundi la sita, waziite "kijani" picha za rangi ya bluu. Wale wawili waliposhikilia neno lao bila kuyumba, kama asilimia 8 ya majibu ya wengine yalisogea upande wao. Walipoyumba, ikawa asilimia 1 hivi. Nane si nyingi, najua. Lakini sisi tulikuwa tunahitaji wiki moja tu ya kungoja, na kwa hilo nane zingetosha.

Mwaka jana lililetwa shauri la kununua viti na turubai tukodishe kwenye shughuli. Mwenyekiti alilitaka sana, kila mtu alijua, ingawa alijizuia kusema mpaka mwisho. Tulikuwa 21. Aliumimina mtungi juu ya sinia yeye mwenyewe, akatenganisha punje kwa kidole, akahesabu kwa sauti, akarudia kuhesabu. Kunde 9, mbaazi 12. Akazitazama kidogo, kisha akainua uso.

"Haya," akasema. "Viti hatununui. Leteni chai."